Masta ya kuongoza tamthilia: uliza kwanza utapata waigizaji wangapi

Nikisema nilisoma masta ya kuongoza tamthilia watu huniuliza chuo gani, alafu wanaongeza kwani hiyo kazi si mtu anajifunza tu akiwa jukwaani? Naanza na hilo la pili maana lina ukweli wake. Dairekta kama mtu mwenye kazi yake peke yake ni jambo la juzi juzi tu, zamani mchezo ulipangwa na mwandishi au mwigizaji mkuu, mpaka karne ya 19 inaelekea mwisho ndo ikaonekana lazima awepo mtu anayekaa chini akatazama kwa niaba ya wote. Kundi la maigizo la Meiningen la Ujerumani lilipoonyesha Berlin mwaka 1874 watu walishangaa kuona hata umati jukwaani unaigiza, kila mmoja kapewa kazi ya kufanya. Mwaka 1898 Warusi wawili, Stanislavski aliyekuwa mwigizaji na dairekta, na mwandishi Nemirovich-Danchenko, wakaanzisha kundi la maigizo la Moscow Art Theatre. Hakuna kati yao aliyekuwa na masta, ila walikuwa na waigizaji wa kushinda nao siku nzima na muda wa kurudia onyesho moja mpaka likae. Sisi wengine hicho hatuna, na kwa maoni yangu ndicho unachokifuata chuoni, mengine yote ni nyongeza.

Nieleze kwa mfano. Tulikuwa na onyesho la watu wawili, mama na kijana wake anayeondoka nyumbani. Mwigizaji wa mama alianza kulia kwenye sentensi ya kwanza na sisi tuliokaa tunatazama hatusikii chochote. Aliyekuwa anaongoza akamwambia aongeze uchungu, basi akalia zaidi, ikawa mbaya zaidi. Mwalimu akasema usimpe hisia, mpe kitu cha kufanya, na akatuachia tufikirie. Baada ya kubishana sana dairekta akamwambia yule dada maneno matatu tu: mzuie asifike mlangoni. Dada akaacha kulia. Akaanza kukunja nguo za kijana upya, zile ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, akamuuliza kama amechukua funguo, na taratibu akawa amesimama kati ya yule kijana na mlango bila hata kuonekana amekusudia. Uchungu wote tuliokuwa tunautafuta ukaja wenyewe! Unaweza kusoma hilo kwenye kitabu, wengi wameliandika, lakini kulielewa ni mpaka ulione likitokea kwa mwili wa mtu mbele yako, alafu ulijaribu wewe kesho yake na waigizaji wengine na lisikubali, na utafute kwa nini.

Njia niliyoipenda kuliko zote ni ile Stanislavski aliyokuwa akiifanyia kazi miaka yake ya mwisho, ambayo mwanafunzi wake Maria Knebel aliiendeleza akifundisha GITIS, chuo cha maigizo kule Moscow. Mnasoma onyesho, mnakubaliana kipi kinatokea hapa na nani anataka nini kwa nani, mnaweka skripti chini na waigizaji wanasimama kulicheza kwa maneno yao wenyewe, kisha mnarudi kwenye skripti kuangalia mlipotea wapi. Mnarudia hivyo hivyo. Yaani mwigizaji akija kukariri anakuwa tayari anajua kwa nini anasema kila neno. Ni njia inayokula muda vibaya sana, ndo maana ni vigumu kuijaribu kwenye produksheni ya kawaida ambapo tarehe ya kufungua imeshatangazwa.

Sasa kuhusu chuo. Uingereza kuna masta nyingi za mwaka mmoja, Marekani MFA (masta ya sanaa) ya uongozaji mara nyingi ni miaka mitatu, na muda huo ni tofauti kubwa kwa mtu ambaye bado anatafuta sauti yake. Chuo Kikuu cha Yale, huko huko Marekani, shule yao ya drama haitozi ada tangu 2021 baada ya mchango wa tajiri wa muziki na filamu David Geffen wa dola milioni 150, kwa hiyo usijikatie tamaa mapema kwa sababu ya pesa, ila ushindani wake ni mkali mno. Lakini jina lisikulevye. Waandikie uwaulize: waigizaji wangu watakuwa wanafunzi wa uigizaji walio kwenye ratiba moja na mimi au nitajitafutia mwenyewe? Nitaongoza mchezo mzima mara ngapi? Mwalimu anakuja mazoezini au anakuja siku ya kufungua tu? Nitakaa na mbunifu wa jukwaa na wa taa tangu mwanzo? Chuo kinachojibu kwa kuzungukazunguka, achana nacho hata kama jengo lao linapendeza.

Nadharia na insha zipo, utaandika, zinasaidia, sina la kuongeza hapo.

Na kwenye intavyuu usiende na orodha ya michezo unayoipenda. Nenda na tamthilia moja uliyoisoma mpaka unajua kwenye kila ukurasa nani anataka nini, maana watakuuliza kwa nini hii, kwa nini sasa, kwa nini wewe, na wakishamaliza kuna uwezekano mkubwa wakuletee waigizaji wawili usiowajua wakwambie haya, fanya nao kazi tuone.