Uzoefu wangu: mradi wa sola wa mwaka wa mwisho, kutoka saluni ya Mbagala hadi chumba cha utetezi

Mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa nishati jadidifu hubebwa na vipimo. Wangu niliusimamisha juu ya saluni moja ya kiume Mbagala: TV, feni, taa nne, mashine mbili za kunyolea na simu za wateja. Ni mzigo mdogo, lakini ndani yake mna saketi, elektroniki za nguvu, uhamishaji wa joto na hesabu za jua, yaani karibu kila somo lililowahi kumpa mtu sapu (mtihani wa marudio). Wanafunzi wengi hukimbilia kusanifu mtambo wa megawati kwenye kompyuta, halafu siku ya kutetea hawana namba hata moja waliyoipima kwa mkono.

Nilianza na mzigo, na hapo usiamini kibandiko cha nyuma ya kifaa. Tumia kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, ukiache saa kadhaa. TV iliyoandikwa wati 60 ilikula 38. Feni iliyoandikwa 55 ilikula 44 kwenye spidi ya kati. Kwa siku ya kazi ikawa hivi: TV saa 10, wati-saa (Wh) 380, feni saa 8, Wh 352, taa nne za wati 9 kwa saa 4, Wh 144, mashine mbili za wati 10 kwa saa 5, Wh 100, simu sita, Wh 90. Jumla Wh 1,066. Ukigawanya kwa 0.9, ufanisi wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa betri kuwa wa AC kama wa TANESCO), unapata kama 1,184. Kisha kuna kitu ambacho ripoti nyingi hukisahau: inveta ikiwa imewashwa tu, bila kubeba chochote, inakula yenyewe. Niliyoipima ilikula wati 12. Kwa saa 12 ni Wh 144; ikiachwa na usiku pia, saa 24, ni 288, zaidi ya taa na simu zote za saluni kwa pamoja. Nikasanifu kwa Wh 1,330 kwa siku, na swichi ya kuizima inveta wakati wa kufunga.

Betri za risasi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu zikiwa na kazi ya kila siku. Mbili za volti 12, ampea-saa (Ah) 120, zikiungwa mfululizo zinatoa volti 24 na Wh 2,880. Nusu yake ni 1,440, inatosha. Volti 24 niliichagua kwa sababu ampea zinapungua nusu, na ampea ndizo zinazochagua unene wa waya. Angalia pia joto la chumba. Chini ya bati Mbagala nilisoma nyuzi 34. Kwa betri ya risasi, volti ya kuchaji inatakiwa ishuke milivolti 3 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Seli ziko 12, nyuzi zilizozidi ni 9, hivyo 28.8 inakuwa takriban 28.5. Chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) isiyo na kihisi cha joto haitajua hilo, na itachemsha maji ya betri taratibu.

Kwa paneli, data za jua nilizichukua PVGIS na kuzilinganisha na Global Solar Atlas. Zote ni tovuti za bure. Kwenye PVGIS kuna mtego kwa mtu wa Dar es Salaam: uelekeo 0 maana yake ni kusini. Sisi tuko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, paneli zetu zinatazama kaskazini, kwa hiyo andika 180. Mwinamo ukiufuata kwa latitudo utaweka nyuzi 7, lakini nilipandisha hadi 12 ili mvua ioshe vumbi. Paneli iliyolala sana huweka mstari wa matope kwenye ukingo wa chini, hapohapo palipo na safu ya mwisho ya seli. Kumbuka pia kwamba Desemba jua la saa sita linapita kusini mwa utosi kwa nyuzi 16 na zaidi, basi kagua vivuli pande zote mbili, mwembe wa jirani wa upande wa kusini usiachwe.

Nilisanifu kwa saa 4 za jua kamili (wati 1,000 kwa mita mraba) kwa siku, kwa ajili ya masika, na ufanisi wa jumla wa 0.65 unaobeba joto, vumbi, waya na betri. 1,330 gawanya kwa 4, gawanya kwa 0.65, unapata wati 511. Nikachukua paneli mbili za wati 280.

Hapa ndipo mradi ungeweza kufa kimyakimya. Paneli ya seli 60 ina volti kama 31.5 kwenye nguvu yake ya juu, na betri ya volti 24 inahitaji 28.5. Kwenye karatasi, ukiziunga sambamba, zinatosha. Lakini 31.5 ni ya seli yenye nyuzi 25, na seli juu ya bati la Dar saa saba mchana inafika 60. Kila nyuzi inayozidi inaondoa karibu asilimia 0.4 ya volti hiyo. Nyuzi 35 zinaondoa asilimia 14, unabaki na 27.1. Betri haitajaa hata siku moja. Taa ya kontrola itawaka kijani, ampea zitaonekana zinaingia, na baada ya miezi kadhaa salfeti ya risasi itakuwa imeganda kwenye mabamba na mwenye saluni ataambiwa betri zilikuwa mbovu. Nikaziunga mfululizo: volti 63, zikipata joto 54, na kontrola ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) inazishusha yenyewe. Voc (volti ya paneli isiyobeba mzigo) ya mbili ni 77, asubuhi ya baridi 78 hivi, salama kwa kontrola inayopokea hadi volti 100. Kwa wati 560 kwenye volti 24 ni ampea 23, nikaweka ya ampea 30. Ya PWM (aina isiyogeuza volti kuwa ampea) ingekata volti zote za ziada na kukuachia karibu nusu ya nguvu uliyolipia.

Waya nao unafaidika. Kutoka paneli hadi kontrola ni mita 12, kwenda na kurudi 24. Kwa ampea 8.9 kwenye waya wa milimita mraba 4, upotevu ni volti 0.93, asilimia 1.5. Sambamba ingekuwa ampea 17.8 na asilimia 6 kwenye waya uleule. Betri hadi inveta ya wati 1,000 ni ampea kama 46: waya wa milimita mraba 16, usiozidi mita moja na nusu, fyuzi ya ampea 63 karibu kabisa na chanya ya betri.

Kabla ya kulipa Kariakoo, beba futi kamba. Niliwahi kuonyeshwa paneli ya mita 1.2 kwa 0.54 yenye kibandiko cha wati 200. Eneo lake ni mita mraba 0.65, na jua kamili ni wati 1,000 kwa mita mraba, hivyo ingehitaji ufanisi wa asilimia 31. Paneli za silikoni za dukani zina asilimia 17 hadi 23. Ile haikufika hata wati 150. Ukishapita hapo, pima ampea za shoti (nyaya mbili za paneli zikigusanishwa) kwa klempu mita ya DC (nyingi za bei rahisi ni za AC tu na zitakuonyesha sifuri), na ufunike paneli kwa turubai kabla ya kuachanisha nyaya. Cheche ya DC haijizimi. Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hupata nafasi ya kufa. Wa paneli haupiti, ndiyo maana breka ya kawaida ya nyumbani haifai upande wa jua.

Inveta chukua inayotoa wimbi laini. Mashine za kunyolea za sumaku hutetemeka kwa kufuata wimbi, na zikipewa lile la ngazingazi zinanguruma na kuchemka mkononi mwa kinyozi.

Kwa upimaji wa siku 14 sikuwa na pairanomita (kipima nguvu ya jua) ya kuacha juu ya paa. Nilifunga paneli ndogo ya wati 10 kwa mwinamo uleule, nikaiwekea rezista ya ohm 1 ya wati 5, na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta ya kusoma vipimo) ikasoma volti juu yake. Kwenye jua kamili inatoa ampea 0.6, yaani volti 0.6. Tumia rejea ya ndani (kikomo cha juu cha kupimia) ya volti 1.1 na si ile ya 5: hatua moja inakuwa milivolti 1.07 badala ya karibu 4.9, na unapata ngazi zaidi ya 550 kati ya giza na jua kamili. Ilinganishe na pairanomita ya maabara kwa siku moja kabla ya kuipandisha.

Grafu ya matokeo ina mahali panapoulizwa na kila mtahini: saa nane au saa tisa mchana jua bado lipo, ila uzalishaji unaporomoka. Si kivuli wala hitilafu. Betri imefika 28.5, kontrola inabana ampea, na wati zilizobaki hazina pa kwenda. Chora volti ya betri kwenye grafu ileile, na ufanisi wa paneli ukokotoe kwa saa za kabla ya kubanwa pekee. Ukichanganya zote, mfumo mzima utaonekana mbovu kuliko ulivyo.