Spitfire ya Plastiki na Rangi za Mwaka 1940

Anayetaka kuunda mfano wa plastiki wa ndege ya kivita ya Spitfire hana budi kuamua kwanza kwamba ndege yake ni ya mwezi gani, kabla hata hajafungua chupa ya gundi. Mimi nimechagua Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, ya Agosti 1940, wakati marubani wa Uingereza walipokuwa wakipambana na ndege za Ujerumani juu ya Kent na Sussex, na uamuzi huo ndio unaoongoza kila kipande ninachokikata kutoka kwenye fremu yake, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande.

Skeli yangu ni 1:48, ambayo huyashusha mabawa yenye upana wa mita 11.23 hadi sentimita 23 na ushei. Mabawa hayo ya umbo la duaradufu, yaliyobuniwa na mhandisi R. J. Mitchell na wenzake pale kampuni ya Supermarine, ndiyo uzuri wa ndege hii, na ndiyo yanayodai uangalifu mkubwa zaidi. Ukingo wa nyuma lazima uwe mwembamba. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha nusu ya juu na ya chini, huusugua kwa ndani kwa msasa laini uliolowa, hadi mwanga wa taa uanze kupenya kwenye plastiki. Kisha hubana pande mbili, nikagusa kiungo kwa ncha ya brashi yenye gundi nyepesi, nayo hutiririka yenyewe kwenye mshono wote. Kila ncha ya bawa huiegemeza juu ya kiberiti mpaka gundi ikauke, kwa sababu mabawa ya Spitfire yameinuka kwa nyuzi 6, na yakilegea kidogo tu huonekana mara moja ukiitazama ndege kwa mbele.

Chini ya bawa la kulia kuna rejeta pana, na chini ya la kushoto kuna kipozea mafuta chembamba. Tofauti hiyo ni sahihi kwa Mk I. Rejeta zinazolingana zilikuja na toleo la baadaye, Mk IX.

Rangi ndizo zinazotaja tarehe. Kahawia ya udongo na kijani kilichokolea upande wa juu havina ubishi. Kazi iko chini. Hadi Juni 1940 nusu ya kushoto ilipakwa nyeusi na ya kulia nyeupe, ili walinzi walioko ardhini watambue ndege zao. Kisha ikaja amri ya kupaka chini kote rangi iliyoitwa Sky, yaani kijani kilichopauka sana. Mwanzoni rangi hiyo iliadimika, vikosi vikachanganya walichokuwa nacho, na ndiyo maana sioni sababu ya mafundi kugombana kuhusu kopo lipi ndilo sahihi. Mwishoni mwa Novemba bawa la kushoto likarudishiwa weusi, na utepe wa Sky ukazungushwa karibu na mkia. Ukiukuta utepe huo miongoni mwa stika, kwenye ndege ya Agosti haufai kabisa.

Midomo ya bunduki rashasha nane ilizibwa kwa vitambaa vyekundu ili kuzuia uchafu na baridi, navyo vilitoboka mara rubani alipofyatua. Mwenye kuvipaka vikiwa vizima asipake masizi ya baruti nyuma yake.

Kwangu kumebaki waya wa redio, ambao nitautengeneza kwa kupasha kijiti cha fremu juu ya mshumaa na kukivuta hadi kiwe chembamba cha kutosha kutoka kwenye mlingoti hadi mkiani.