Albamu ya Pili na Gitaa la Nyuzi 12

Albamu yangu ya pili inakaribia kukamilika, na kadiri ninavyozisikiliza nyimbo zake hapa Tanga, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba njia niliyoishika ndiyo iliyonifaa. Ya kwanza ilikuwa ya hadhara: nyimbo za harusi, za mji na za mapenzi. Hii inasema nami mwenyewe, hasa kuhusu miaka ambayo mimi na marehemu baba tuliishi nyumba moja huku maneno kati yetu yakiwa ya kuhesabika.

Sauti ya albamu hii nimeitafuta katika muziki wa Marekani wa miaka ya 1960, pale nyimbo za kimapokeo, zilizozoea gitaa kavu, zilipokutana na umeme. Mwaka 1965 mwimbaji na mtunzi Bob Dylan alipanda jukwaa la tamasha la nyimbo za kimapokeo la Newport, huko Marekani, akiwa na bendi ya umeme, na baadhi ya waliohudhuria wakamzomea. Mwaka huohuo kundi la The Byrds liliuchukua wimbo wake mmoja na kuupiga kwa gitaa la umeme la kampuni ya Rickenbacker lenye nyuzi 12. Gitaa hilo liliniteka, na zaidi yake uhuru wa watunzi wa wakati ule wa kuimba shaka na upweke wao bila kuomba radhi.

Nyuzi hizo hufungwa jozi jozi. Katika jozi 4 za sauti nzito, kila uzi huwa na mwenzake mwembamba uliopandishwa oktavi moja, yaani noti ileile kwa kimo cha juu zaidi, na jozi 2 nyembamba hulinganishwa sauti ileile. Kwa kuwa nyuzi mbili hazilingani kikamilifu, sauti hutikisika kidogo, na mtu aliyezoea udi wa taarabu, ambao nao una nyuzi za jozi, haoni ugeni wowote. Tena ni katika zama hizohizo ambapo Black Star Musical Club ya hapa Tanga ilikuwa ikipiga taarabu kwa magitaa ya umeme. Mama, aliyekulia katika nyimbo hizo, alisikiliza rekodi moja hadi mwisho, akasema, “Hii ya kwetu, mwanangu.” Sijapata sifa niliyoipenda zaidi.

Kazi ngumu imekuwa mashairi. Nimeyatunga kwa mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane:

Nilimwita kwa sauti, akanijibu kwa kimya.

Mkazo wa neno letu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali pigo zito la ngoma lilikuwa likiangukia mwanzo wa “sauti”, na neno likasikika kama limetamkwa na mgeni. Tuliusogeza mshororo mzima nusu ya pigo, ngoma ikakutana na “u”, na hapo ndipo nilipoanza kuyaamini maneno yangu. Naona nyimbo nyingi za siku hizi zinaumia kwa jambo hilihili.

Wimbo wenye mshororo huo unafungua nusu ya pili ya albamu, kwa kufuata mpango wa santuri zenye pande mbili. Rafiki anayenisaidia kurekodi anataka kinanda kijaze mapengo baina ya beti. Nimemkatalia, kwa sababu mapengo hayo ni sehemu ya habari ya baba, na kwa sababu jozi za nyuzi zinahitaji muda wa kufifia zenyewe kabla ubeti mwingine haujaingia.