Ryoan-ji: nafasi tupu imekubali kuchoreka

Hatimaye mchoro wangu wa bustani ya mawe ya hekalu la Ryoan-ji umekaa sawa, na ninaandika usiku huu huu, nikiwa bado Kyoto, Japani, kabla furaha haijapoa.

Mawe yenyewe hayakunipa taabu. Yapo 15, katika mafungu matano, juu ya changarawe nyeupe kwenye uwanja wa takriban mita 25 kwa 10, na popote utakapoketi barazani, angalau jiwe moja hufichwa na mengine. Kilichonishinda ni changarawe. Kila nilipoitia kivuli, iligeuka kuwa maji. Kila nilipoiacha karatasi ilivyo, mawe yalielea, kila fungu likijitenga na jingine, ilhali pale barazani macho husafiri toka fungu hadi fungu bila kukwama popote. Nilipochora mistari ya reki ambayo watawa huipitisha, hali ilizidi kuharibika, kwa sababu mistari hiyo ililivuta jicho kwake na kuyasahaulisha mawe. Iliniuma sana kuona kitu kwa uwazi namna ile na mkono ukikataa kukitoa.

Njia ilifunguliwa na utafiti wa Gert van Tonder wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Nature. Walikokotoa mistari inayopita katikati ya mafungu, mahali palipo na umbali sawa kutoka pande zote mbili, wakakuta inaungana na kufanya umbo la mti, ambao shina lake huelekea kwenye ukumbi mkuu, pale ambapo mtazamaji hukaa kwa desturi. Basi niligeuza utaratibu wote: nikauchora mti huo kwanza kwenye karatasi ya kawaida, nikailaza chini ya washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, ambayo ni nyembamba kiasi cha kupenyesha mistari, kisha nikayaweka mawe kandokando ya matawi. Changarawe sikuigusa kabisa, na sasa ndiyo inayoyashika mawe yote pamoja. Naamini kwa dhati kwamba aliyeipanga bustani hii, ambaye jina lake halijulikani kwa hakika, aliupima utupu kwa uangalifu uleule alioyapa mawe.

Kuhusu vifaa, wino wa kijiti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe unaushinda kwa mbali ule wa chupa, kwa kuwa mchoraji huamua mwenyewe ukolevu wa kila kijivu. Washi hunywa wino upesi, hivyo brashi haipaswi kusitasita. Penseli naiachia kazi ya kupima barazani.

Nilikuwa nimepanga kuendelea na Kinkaku-ji, jumba la dhahabu lililochomwa moto mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955, lakini ukuta wa Ryoan-ji umeniteka. Udongo wake ulichemshwa kwa mafuta, nayo mafuta yamejitokeza kwa miaka mingi na kuacha madoa ya kahawia yasiyo na mpangilio, ambayo wino mweusi peke yake hauwezi kuyatoa. Kesho naenda dukani kutafuta rangi ya udongo mwekundu. Jumba la dhahabu litasubiri.