Mlango wa Mama Mkubwa Umehamia El Wak

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiamka alfajiri kupiga picha milango ya kuchonga ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kabla punda wa mawe na mchanga hawajajaza vichochoro. Nimepata milango 63. Kuipakia Wikimedia Commons, hazina huria ya picha mtandaoni, mmoja mmoja kwa fomu nilikuona ni mateso, nikaandika skripti, programu fupi ya lugha ya Python, itume yote kupitia API, mlango wa programu kuzungumza na tovuti.

Usiku wa kwanza skripti iliniandikia "imepokewa" mara 63. Nikalala mwepesi. Asubuhi nafungua akaunti, hamna hata mlango mmoja! Kumbe nilikuwa nimeomba tokeni, ile alama ya siri inayoambatana na kila ombi la kuhariri, kabla ya kuingia kwenye akaunti. Mgeni hupewa tokeni ya herufi mbili tu, alama ya kujumlisha na mkwaju uliolalia nyuma, nami nikaibeba hivyo hivyo. Tena skripti yangu ilitazama namba 200 peke yake, ile ya seva kusema ombi limefika salama, na MediaWiki, programu inayoendesha Commons, hukujibu 200 hata inapokukatalia. Kosa lenyewe liko ndani ya jibu, kwa anayejali kulisoma.

Hilo nililirekebisha kwa dakika kumi. Lililonitoa jasho ni ramani.

Picha zilipoingia, nikafungua ramani nione Mkomani ilivyojaa vitone. Mkomani kweupe. Nikavuta nje, nikavuta tena, nikavikuta vitone vyangu vyote vimerundikana nyikani, kusini ya El Wak, pembeni mwa mpaka wa Somalia. Simu huandika latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, ndani ya picha kama namba chanya, 2.27, na herufi S ya kusini huiandika kando, mahali pengine. Mimi nilichukua namba, herufi nikaiacha. Kwenye ramani S hiyo ndiyo alama ya kutoa mbele ya namba; ukiikosa, Lamu inavuka ikweta.

Kwa hiyo nikarudi kuhariri kurasa 63, nikiweka sekunde tano kati ya ombi na ombi (haraka ya nini, na seva si yangu). Safari hii nilianza na mlango mmoja, wa mama mkubwa, ule ambao mfaa wake, nguzo ya katikati, umeliwa na mchwa chini. Nikampelekea simu aone.

"Jana ulikuwa umefika El Wak," nikamwambia.

Akautazama mlango wake, akanitazama mimi. "Basi mimi nimelala wazi usiku kucha?"