Giza la uchawi si giza la kawaida
Jana kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, tulibishana hadi chai ikapoa. Mchawi wa maadui alitufunika kwa giza lake, futi 15 kutoka katikati kila upande. Rafiki yangu, mhusika wake kibete wa mapangoni, akashikilia kwamba yeye huona gizani. Hapana kaka! Sheria za toleo la 5 ziko wazi: macho hayo hayapenyi giza la uchawi, wala mwenge hauliangazi. Napenda sana hapa: nyote mkiwa ndani hamwonani, basi nafuu ya kumvamia asiyekuona (dadu mbili, unachukua kubwa) na kikwazo cha kutomwona (dadu mbili, unachukua ndogo) vinafutana, mnarusha dadu moja kama kawaida. Kasisi wetu akawasha mwanga wa mchana, uchawi wa ngazi ya 3. Giza la ngazi ya 2 likafutika palepale, tukashangilia!