Jinsi nilivyopunguza gharama ya maji moto hapa Kabale

Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na baridi yake ya alfajiri haina mzaha. Hita yetu ya jua, yenye elementi ya umeme ya akiba (kipashio kilichomo tangini), ilitoa maji moto wakati wote, lakini yuniti za umeme zilikwisha upesi mno. Kusafisha kioo cha paneli na kufunika mabomba kwa sponji hakukuleta nafuu ya maana.

Suluhisho lilikuwa katika saa inayoongoza elementi. Ilikuwa imepangwa kuiwasha kuanzia alfajiri hadi mchana, hivyo jua lilikuta tangi limeshapata moto. Na kwa kuwa mfumo huu hauna pampu, bali maji ya paneli hupanda tangini pale tu yanapokuwa na joto zaidi ya yale yaliyomo, jua likabaki bila kazi. Nilizima swichi kuu, nikafungua kifuniko, nikashusha themostati (kidhibiti cha joto la maji) kwa bisibisi kutoka nyuzi 75 hadi 60 (chini ya hapo sipendekezi, maana bakteria hustawi katika maji ya vuguvugu), kisha nikapanga umeme uwake jioni pekee, kuanzia 18 hadi 20 kwenye saa hiyo. Baada ya siku ya jua kali, elementi haiwaki kabisa.